Vibaraza vya Rumonge vinafungwa, fundi cherehani aende wapi?

MFANYABIASHARA akishuka mwaloni hapa Rumonge na mzigo wake kutoka Kigoma, haendi moja kwa moja dukani. Kwanza anatafuta kibaraza. Hapo anatua mzigo, anafuta jasho, anauliza bei ya mawese imeamkaje, anabadilisha shilingi zake kuwa faranga, na kama mvua imeshika anangoja ipite bila kudaiwa chochote.

Nikisema kibaraza nina maana ya ule ukumbi mrefu ulio mbele ya maduka: una paa, una sakafu iliyoinuliwa, una ukuta wa duka upande mmoja, na upande wa barabara hauna ukuta bali nguzo tu. Mimi niliyesomea Katumba, kule Mpanda, nakiita kibaraza au veranda. Jirani yangu aliyerudi kutoka Uvira anasema barza, na Wabelgiji wa Kongo waliliingiza neno hilo hilo katika Kifaransa chao. Kirundi nacho kina ibaraza. Sisi tuliorudi tunabishana juu ya maneno mengi, maana kila mmoja alikuja na Kiswahili cha ukimbizini kwake, lakini hili halijatugombanisha.

Wengi hudhani kibaraza ni pambo. Si hivyo. Nchi yetu ya ziwani iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua linakuwa juu ya paa, lakini asubuhi na alasiri linakuja limeinama na kupiga ukuta wa mashariki au wa magharibi kwa saa nyingi. Ukuta ukipata moto mchana kutwa, unautoa ndani usiku, na mwenye nyumba halali. Kibaraza cha mita mbili kinaukinga ukuta huo. Mvua nayo haiharibu nyumba ya matofali mabichi kutoka juu tu. Inaharibu zaidi kwa matone yanayoruka kutoka ardhini na kula msingi kidogo kidogo. Paa likitokeza mbele, matone yanaangukia mbali. Na ile sakafu iliyoinuliwa, ambayo wazee wetu wanapata taabu kuipanda, ndiyo inayozuia maji ya barabarani yasiingie ndani.

Nyumba niliyopewa niliporudi mwaka 2009 ilikuwa na mabati yaliyokatwa sambamba na ukuta, bila upenu hata wa kukinga kuku. Masika mawili tu yalitosha matofali ya chini kuanza kumeguka. Majirani tulishauriana, tukatafuta miti na mabati chakavu, kila mmoja akaongeza kibaraza chake. Walioijenga walihesabu mabati, hawakuhesabu mvua.

Jambo hili si geni katika mwambao wa Tanganyika. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, wazee hao hawakuingia ndani kuzungumza. Stanley mwenyewe ameeleza kwamba alikaribishwa kwenye baraza la udongo chini ya paa lililotokeza, na kwamba Livingstone alikuwa na mahali pake maalumu: mkeka, juu yake ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo wa baridi. Watu wakajaa uwanjani kuwatazama. Ndivyo nyumba za miji ya misafara zilivyokuwa, na ndivyo zilivyo bado nyumba nyingi za Ujiji na za Buyenzi mjini Bujumbura. (Wanafunzi wangu hubisha kwamba wawili hao walikutana Mugere, kwa sababu ya lile jiwe. Jiwe lina tarehe 25 Novemba 1871: walipita hapo pamoja, baada ya kukutana Ujiji.)

Sasa nije kwenye linaloniuma. Katika barabara yetu ya maduka, wenye majengo wameanza kuziba vibaraza. Mmoja alianza kwa kuweka nondo kati ya nguzo, akisema ni kwa ajili ya wezi. Baada ya miezi michache nondo zikafuatwa na matofali, na duka likaongezeka mita mbili. Jirani yake alipoona hakuna aliyemuuliza, naye akafanya hivyo hivyo. Leo mpita njia anatembea kwenye kivuli hatua 20, kisha anatupwa barabarani katikati ya pikipiki, kisha anapanda tena.

Waliokuwa pale wamekwenda wapi? Kuna mama mmoja fundi cherehani, mjane, aliyerudi kutoka Ulyankulu na mashine yake ikiwa ndicho kitu pekee cha thamani alichovuka nacho. Alikaa kwenye kibaraza hicho miaka mingi. Hakuwa na mkataba. Kila mwezi alichangia mshahara wa zamu, mlinzi wa usiku, na asubuhi alifagia mbele yote ya duka. Sasa amehamia chini ya mwembe. "Mwalimu," aliniambia, "kukodi chumba siwezi. Juani kitambaa kinapauka, na mvua ikinikuta mashine inashika kutu. Wateja nao hawanioni huku." Muuza vocha na wabadilisha fedha walitawanyika siku ile ile.

Wenye maduka nao wana hoja, na si vyema kuwafanya maadui. Paa ni lao, nguzo ni zao, kodi wanalipa wao. Usiku wanalala watu pale, na asubuhi mwenye duka ndiye anayesafisha. Mmoja aliniuliza kwa nini atunze kivuli cha mji mzima kwa mfuko wake. Ni swali la haki. Lakini kuna mji mmoja Italia, Bologna, ambao umelijibu zamani. Tangu mwaka 1288 sheria ya mji ililazimisha nyumba mpya ziwe na ukumbi wa nguzo mbele; mwenye nyumba anaumiliki na kuutunza, wapita njia wana haki ya kupita. Kumbi hizo leo zina jumla ya kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia. Wenye maduka wa Bologna hawakufilisika. Anayepita kivulini hutazama bidhaa. Anayekimbia jua hatazami kitu.

Kwetu kuna sababu nyingine ambayo Bologna hawana. Rumonge ni mji wa waliorudi na wa waliobaki. Wengi tulikuta mashamba ya wazazi yana watu wengine, nao wakiwa wamepanda michikichi na kuzika wazee wao humo. Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006, lakini kabla ya kuifikia tume, au baada ya kuchoka nayo, watu walikuwa wakikaa kwanza. Walikaa wapi? Aliyerudi hakutaka kuingia nyumba ya aliyemkuta shambani, na yule hakutaka kuingia ya huyu, akihofia hata maji ya kunywa. Nimeshuhudia familia mbili zikigawana shamba la michikichi kwenye kibaraza cha duka la sabuni, wazee wameketi kwenye magunia, wapita njia wakisikia kila neno. Kwa kuwa mji mzima ulisikia, hakuna aliyeweza kukana baadaye. Jirani zetu wa Kivu ya Kaskazini walipotaka kuyakutanisha makabila yao mwaka 1998, chombo walichounda walikiita Barza Intercommunautaire. Hawakukosa majina mengine.

Wiki iliyopita baadhi yetu tulipita duka kwa duka. Tuliomba mambo matatu tu: ibaki njia ya mita moja na nusu chini ya paa, anayefanyia kazi kibarazani achangie zamu na usafi kwa kiasi kinachojulikana, na nondo, kama lazima ziwepo, zifungwe usiku na kufunguliwa asubuhi. Wanne wamekubali. Wawili wanataka kwanza kuona mchango wa mwezi mmoja mkononi. Yule wa matofali hajajibu, ila amemuuliza fundi cherehani anahitaji nafasi kiasi gani. Mama amepima kwa hatua: tatu kwa mbili, mashine ikiwa imegeuzwa upande.