Sabuni ya Nguo Haioshi Gari: Kuchagua Vifaa vya Kuoshea na Kupakia Nta Gari Nyumbani

Siku moja kabla ya Idi, mwanangu wa miaka 12 aliomba ruhusa ya kuosha gari la baba yake. Alitaka twende kuswali Idi asubuhi tukiwa ndani ya gari linalometameta. Nilifurahi kumwona akijitolea bila kutumwa. Nikamchotea sabuni ya unga kutoka pakiti ya kufulia, nikampa ndoo na kipande cha shuka kuukuu, kisha nikarudi kwenye shughuli zangu za jikoni. Juu ya boneti palikuwa na kinyesi cha kunguru kilichokauka kwa siku kadhaa. Kitambaa kilipomshinda, mtoto aliingia jikoni akachukua waya ya kusugulia sufuria. Hakuvunja amri ya mtu, kwani hakuna aliyewahi kumkataza.

Boneti ilipokauka, duara la mikwaruzo lilionekana hata kwa aliyesimama mbali. Baba yake alilitazama, akampa mtoto mkono wa shukrani, akaingia ndani asiseme neno. Baadaye fundi wa gereji alipotaja gharama ya kupaka boneti rangi upya, tuliona kuwa fedha hizo zingetosha kununua sare za shule za watoto wote na zikabaki.

Ndugu msomaji, kosa halikuwa la mtoto. Lilikuwa langu mimi niliyempa sabuni na kitambaa bila kujua kwamba gari lina vifaa vyake. Kwa familia nyingi za Pwani, gari si pambo. Ni akiba ya miaka mingi. Ndilo lipelekalo watoto chuoni, ndilo lipelekalo wazee hospitalini, na siku ya dhiki ndilo liuzwalo. Mnunuzi naye, kabla ya kusikiliza injini, huanza kwa kutazama rangi. Basi tujifunze namna ya kuihifadhi kwa gharama ndogo, hapa hapa uani.

Kinachoila rangi

Rangi ya magari mengi ya siku hizi ina matabaka. Juu ya chuma hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na mwisho tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo ndilo lenye mng'aro. Tabaka hilo la juu kwa kawaida lina unene wa takriban maikromita 40 hadi 50, yaani kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Waya ya sufuria haihitaji dakika nyingi kulimaliza.

Hapa Pwani tabaka hilo lina maadui wanne. Wa kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba na kuitandaza juu ya kila kitu, na mahali penye chuma kilichokwaruzwa chumvi huharakisha kutu. Wa pili ni jua, ambalo hufifisha rangi na kuikausha, hasa juu ya paa na boneti. Wa tatu ni kinyesi cha kunguru na popo pamoja na utomvu wa miti kama mwembe. Kinyesi cha ndege kina asidi, nacho kikichomwa na jua juu ya boneti huacha kovu. Wa nne ni maji ya kisima yenye chumvi. Yakiachwa yakauke yenyewe juu ya gari, huacha madoa meupe ambayo kila siku yakikaa huwa magumu zaidi kutoka.

Kuosha ni kuwaondoa maadui hao. Kupaka nta ni kuwawekea kizuizi wasiifikie rangi upesi. Hizi ni kazi mbili, na kila moja ina bidhaa yake.

Sabuni gani?

Sabuni ya unga hutengenezwa ili kung'oa mafuta na jasho katika nguo. Kwa ajili hiyo hutiwa magadi, na kwa kipimo cha pH, ambacho huanzia 0 hadi 14 na katikati yake ni 7, nyingi hufikia 9 na kupita. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nayo imekusudiwa kukata mafuta ya sufuria. Zote mbili zikipita juu ya gari huondoa uchafu, lakini huondoa na nta iliyokuwa ikiilinda rangi. Chembe za sabuni ya unga ambazo hazikuyeyuka vizuri huweza pia kukwaruza.

Kinachofaa ni shampuu ya gari, ambayo huuzwa katika maduka ya vipuri na maduka makubwa. Tazama mambo matatu. Kwanza, kwenye kibandiko tafuta maneno "pH neutral", maana yake shampuu hiyo si kali upande wowote. Pili, soma kipimo cha kuchanganyia, kwani bei ya chupa peke yake hudanganya. Chupa ya lita 1 inayohitaji mililita 40 kwa ndoo moja itakuoshea gari mara 25. Ukiosha mara moja kwa wiki, itakutosha karibu miezi sita. Chupa ya bei nafuu inayohitaji mililita 100 itakwisha baada ya mara 10 tu. Tatu, epuka shampuu isiyo na kibandiko, iliyomiminwa katika chupa ya soda. Hujui ina nini, na mtoto mwenye kiu hatajua pia.

Ndoo mbili na vitambaa laini

Mikwaruzo mingi haitoki kwenye sabuni, bali hutoka kwenye mchanga ulionaswa katika kitambaa. Shuka kuukuu na sponji hushika chembe za mchanga na kuziburura juu ya rangi kama msasa. Nunua glavu au kitambaa cha mikrofaiba, ambacho nyuzi zake huinua uchafu na kuumeza. Vitambaa vitatu vinatosha: kimoja cha kuoshea bodi, kimoja cha kukaushia, na kimoja cha magurudumu ambacho kamwe hakitagusa bodi. Vifue peke yake bila kutia dawa ya kulainishia nguo, kwani dawa hiyo huviziba nyuzi. Kikianguka chini, kisitumike tena mpaka kifuliwe.

Kisha uwe na ndoo mbili. Ya kwanza ni ya shampuu, ya pili ni ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kila ukimaliza sehemu moja, suuza kitambaa katika maji matupu ndipo ukirudishe katika shampuu. Utashangaa kuona mchanga uliotulia chini ya ndoo ya pili. Mchanga huo ungalikuwa juu ya mlango wa gari lako.

Anza kwa kulimwagia gari maji matupu ili vumbi lishuke lenyewe. Osha kuanzia paa, kisha vioo, boneti na milango, na umalizie chini ambako kuna tope. Usisahau ndani ya madigadi na pembezoni mwa milango, kwani huko ndiko chumvi hujificha na kutu huanza. Osha kivulini, asubuhi na mapema au baada ya alasiri, bodi ikiwa baridi. Juani shampuu hukauka kabla hujaisuuza.

Kinyesi cha ndege kilichokauka kisisuguliwe kabisa. Kifunike kwa kitambaa kilicholowa maji, ukiache kwa dakika 10, kisha ukiinue taratibu. Laiti ningelijua hilo kabla ya Idi ile.

Ama kuhusu maji, nasi tumefunzwa kutoyafuja hata tunapotawadha. Mpira uliofunguliwa wenye nguvu ya lita 10 kwa dakika, ukiachwa kwa dakika 20, utamwaga lita 200. Kwa kopo na ndoo nne za lita 20, gari dogo huoshwa likatakata kwa lita 80. Anayenunua maji ya mkokoteni anaujua uzito wa tofauti hiyo. Ikiwa maji uliyo nayo ni ya kisima cha chumvi, jitahidi walau ndoo ya mwisho iwe ya maji baridi, na maji ya mvua yaliyokingwa ni bora zaidi. Kisha likaushe gari mara moja kwa kitambaa; usiliachie jua likukaushie.

Nta na namna zake

Kabla ya kulipa, soma tena kibandiko. Bidhaa iliyoandikwa "polish" au "compound" mara nyingi ina chembe za kusugua, nayo hupunguza tabaka la juu ili kulainisha mikwaruzo. Hutumika kwa nadra na kwa uangalifu. Iliyoandikwa "wax" ni nta, nayo haiondoi kitu bali huongeza kinga. Anayepaka ya kwanza kila mwezi akidhani ni nta anakonda rangi ya gari lake kwa mkono wake mwenyewe.

Nta za asili zinazosifika hutokana na karnauba, mti wa jamii ya minazi na mikoma unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Nta hiyo hupatikana kwenye majani yake, nayo ni ngumu sana, haiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 80 na zaidi. Hung'aa vizuri, lakini hudumu majuma kadhaa hadi miezi miwili hivi. Aina ya pili ni kinga za kutengenezwa kiwandani kwa polima, ambazo huandikwa "sealant". Mng'aro wake ni wa kiasi, lakini huweza kudumu miezi minne hadi sita. Ya tatu ni nta ya kunyunyizia, rahisi kupaka na upesi kuisha. Ziko pia kinga za seramiki zidumuzo zaidi, lakini zinahitaji matayarisho mengi na mahali pasipo vumbi, hivyo ni bora kumwachia fundi.

Ushauri wangu ni huu: gari lilalalo nje, juani na karibu na bahari, lipakwe kinga ya polima. Gari lenye banda na mwenye subira apendaye mng'aro, lipakwe karnauba. Kila moja ipakwe kidogo sana, sehemu moja baada ya nyingine, iachwe mpaka iwe kama ukungu mweupe, kisha ifutwe kwa kitambaa safi cha mikrofaiba. Kupaka kwa wingi ni hasara tupu, kwani ziada yote hufutwa. Usipake kwenye plastiki nyeusi, maana huacha weupe, wala kwenye kioo cha mbele.

Na tusidanganyane: nta haiponyi jeraha. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukinasa, mkwaruzo ni wa kina na ni kazi ya fundi.

Vya kukataa

Kuna mazoea ya kunyunyiza dizeli au mafuta ya taa chini ya gari na kwenye injini ili ing'ae. Mafuta hayo hudhuru mipira, hunasa vumbi, na karibu na injini ya moto ni hatari. Dawa za kung'arisha tairi zipakwe ubavuni tu, zisiguse sehemu inayokanyaga barabara. Na zile za kung'arisha dashibodi zisipakwe kwenye usukani wala pedali. Mguu ukiteleza kwenye breki, mng'aro hautamfaa mtu.

Bidhaa zote zibaki katika chupa zake, zimefungwa, mahali ambapo mikono ya watoto haifiki. Maji machafu nayo yasimwagwe karibu na kisima.

Kwa kufuata pepo

Nimeona ni rahisi kukumbuka kazi hii kwa misimu yetu. Gari lioshwe kila wiki, na kila lirudipo kutoka ufuoni lisuuzwe siku hiyo hiyo. Kinga ipakwe mara ya kwanza kabla ya masika, ili mvua na tope zilikute gari tayari. Ipakwe tena kabla ya kaskazi kuanza kuvuma mwezi wa Desemba, kwa ajili ya jua kali. Anayetumia karnauba aongeze mara mbili au tatu katikati. Kama hukumbuki ulipaka lini, mwagia boneti maji kidogo. Yakijikusanya kama shanga na kutiririka, kinga ipo. Yakitandaa na kutulia, kinga imekwisha.

Boneti yetu hatukuipaka rangi upya. Fundi aliilainisha kadiri ilivyowezekana, na sehemu iliyobaki huonekana jua linapokuwa upande. Baba yao alikataa kuificha. Mwanangu sasa ana miaka 14, na kila Alhamisi baada ya alasiri yeye ndiye anayeosha gari kwa ndoo zake mbili. Wiki iliyopita dada yake mdogo alitaka kumsaidia, akatoka jikoni amebeba pakiti ya sabuni ya unga. Nilimsikia kaka mtu akimwambia kwa upole, "Rudisha hiyo, ni ya nguo. Njoo nikuonyeshe yetu." Kisha akampa kitambaa kikavu, akamwanzisha kwenye kioo.