KUPIMA DHAHABU NA FEDHA: KAZI NDOGO ITAKAYO UAMINIFU

Mtu akiletewa pete katika soko la Cheptais na kuambiwa kuwa ni ya dhahabu, hawezi kujua kweli kwa macho tu. Shaba ya manjano ikisuguliwa vema hung'aa vilevile, na wengi wametoa fedha zao wakarudi nyumbani na shaba. Kwa hiyo kijana mwangalifu aweza kupata riziki kwa kuwapimia watu vitu vyao kwa malipo madogo.

Dhahabu si ngeni magharibi ya Kenya. Iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, na watu wengi wakamiminika huko. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini wachimbaji wadogo wangali wakichimba. Tena wako wazee waliohifadhi shilingi za zamani za Afrika Mashariki. Zile zilizopigwa tangu 1921 hata 1946 zilikuwa na robo moja tu ya fedha halisi, na zilizopigwa tangu 1948 hazina fedha kabisa. Mwenye nazo yafaa ajue hayo kabla ya kuziuza.

Vyombo vya kazi ni vichache: sumaku, uzi mwembamba, kikombe cha maji, na mizani iwezayo kuonyesha sehemu ya mia ya gramu. Kwanza sogeza sumaku. Kitu kikivutwa, mna chuma ndani yake. Kisipovutwa, bado hujajua neno, kwa maana shaba nayo haivutwi.

Kisha pima uzito wa kitu hicho kikiwa kikavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, halafu ning'iniza kitu kwa uzi kizame chote bila kugusa kikombe. Gawanya uzito wa kwanza kwa gramu zilizoongezeka. Dhahabu safi, yaani ya karati 24, hutoa 19.3, ya karati 18 hutoa kama 15 au 16, fedha safi 10.5, shaba ya manjano kama 8.5. Mathalani, mkufu wa gramu 10 ukiongeza gramu 1.2, jibu ni 8.3: huo si wa dhahabu.

Hata hivyo kipimo cha maji kina mipaka yake. Pete yenye kito, au kitu chenye uwazi ndani, hudanganya. Pia iko madini iitwayo tungsteni, ambayo uzito wake ni sawa na wa dhahabu. Ndiyo sababu masonara hukisugua kitu juu ya jiwe jeusi, kisha hutia tone la tindikali. Alama ya shaba hutoweka upesi. Ya dhahabu nzuri hubaki. Tindikali huunguza ngozi na macho, na moshi wake hudhuru mapafu. Asiyefundishwa na fundi asiiguse, wala isiwekwe mahali watoto waweza kufika.

Lakini chombo kilicho bora ni uaminifu. Taja malipo yako kabla ya kupima, nayo yawe yaleyale, jibu liwe jema au baya. Pima mbele ya mwenye kitu, kisiondoke machoni pake. Usikinunue kitu ulichokipima, kwa maana mpimaji anayenunua hushawishika kushusha thamani. Tena Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yamtaka afanyaye biashara ya madini awe na leseni. Ukiwa huna hakika, sema huna hakika, umwelekeze mwenye kitu kwa sonara au kwa afisa wa madini.

Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Mpimaji huuza ukweli, na akiuza uwongo mara moja tu, soko zima litajua, na hakuna atakayerudi kwake.