Hina ya Sojat na Soko Lake

Miongoni mwa miti midogo inayopandwa uani kwa sababu ya harufu ya maua yake, ni michache iliyozaa tijara kubwa kama mhina, ambao maua yake meupe, yanayonukia zaidi jua likichwa, huchumwa na watu wachache tu, ilhali majani yake, ambayo hakuna ayapendaye kwa harufu, ndiyo yanayojaza maghala na kupakiwa melini. Maua hayo huko Kannauj, India, hupikwa katika vyungu vya shaba na mvuke wake ukapokewa katika mafuta ya msandali, nayo yakawa atari ya thamani; lakini hiyo ni kazi ya mafundi, na soko lake ni dogo.

Soko kubwa ni la majani, na makao yake ni mji wa Sojat, wilaya ya Pali, katika nchi kavu ya Rajasthan. Mkulima wa huko hulowesha mbegu siku kadhaa kwa kuwa ganda lake ni gumu, akaziatika kitaluni, kisha akahamisha miche shambani mvua za msimu zinapoanguka. Na akishavumilia miaka ya mwanzo, ambayo mapato yake ni haba, huwa amejiwekea rasilimali ya miaka 20 au zaidi, kwani mizizi huzama mbali kutafuta maji, na shina likikatwa huchipua tena. Mavuno makubwa huwa Septemba na Oktoba, na hapo ndipo penye hatari: wavunaji wote hutakiwa kwa majuma yale yale, ujira ukapanda, na manyunyu yasiyotazamiwa yakiyakuta majani yaliyokatwa yakingali shambani, hubadilika rangi na bei yake ikaanguka kabla hayajafika sokoni.

Wako wanaodhani kwamba mhina hupandwa ukameni kwa kukosa mmea ulio bora. Sivyo, jua kali na joto ndivyo vinavyolipa jani nguvu ya rangi, ambayo aghalabu haizidi sehemu moja au mbili katika mia ya uzito wa jani kavu, na mti uliodekezwa kwa maji mengi na kivuli utanenepa majani ya kupendeza macho, yasiyokoleza kiganja cha mtu.

Hata hivyo, faida iliyo nono haibaki shambani. Mji wa Yazd, Iran, ulipata sifa ya hina kwa kusaga majani yaliyoletwa kutoka upande wa Kerman, katika mawe makubwa yaliyozungushwa na ngamia. Na Sojat nayo imeneemeka kwa viwanda vya kusaga, kuchekecha na kufungasha kuliko kwa jembe. Mwaka 2021 hina yake ilisajiliwa India kwa alama ya bidhaa ya mahali maalumu, ili jina la mji lisitumiwe na kila muuzaji apendaye.

Kwetu pwani, Lamu, Mombasa na Unguja, mhina haukosi uani, na wako bado watwangao majani mabichi siku za harusi. Lakini wapakaji wengi wa leo hununua unga wa pakiti kutoka ng'ambo, au piko, rangi nyeusi ambayo mara nyingi ni dawa ya kutia nywele yenye parafenilinidiamini, kemikali iwezayo kuunguza ngozi ikaacha kovu. Bibi arusi hutaka weusi uliokolea kwa saa moja, na hina halisi, yenye wekundu wake na subira yake ya usiku kucha, haiwezi kumtimizia. 

Ghushi hiyo ndiyo inayompa nafasi mfanyabiashara wa pwani. Kushindana na Rajasthan kwa wingi wa majani ni kutafuta hasara. Mwenye mtaji mdogo ni afadhali anunue kinu na chekecheke laini kabla ya kununua shamba, akakusanya majani ya nyuani, akayasaga yakiwa mapya, na kumwuzia mpakaji unga ambao aweza kumtajia mti ulikotoka.