Nguo hii imetoka wapi?



Mama anayenunua kitenge sokoni Uvira hutazama kwanza ukingo wa kitambaa. Hapo pamechapwa jina la kiwanda. Akikuta jina Vlisco, kampuni ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1846, anajua kwamba bei itapanda. Lakini anajua pia kwamba mwigaji anaweza kuchapa jina lile lile. Kwa hiyo anapapasa kitambaa, anakigeuza kuona kama rangi imepenya upande wa pili, kisha anamwuliza muuzaji: umekitoa wapi?

Swali la mama huyo ndilo makampuni makubwa ya mavazi yanalitafutia jibu leo kwa njia ya kompyuta. Hapa Mutarule, kama katika uwanda wote wa Ruzizi, tunao washonaji na wakulima, na swali hilo litawafikia nao. Tumeona vema tulieleze.

Kwa nini limekuwa swali kubwa

Tarehe 24 mwezi wa nne 2013, jengo la Rana Plaza lilianguka karibu na mji wa Dhaka, Bangladesh. Watu 1,134 walikufa, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za kupelekwa Ulaya na Amerika. Baadaye ilibidi watu watafute lebo za nguo ndani ya kifusi ili wajue marehemu walikuwa wakiwashonea akina nani. Kazi ilikuwa imepita mikono mingi, kiwanda kikikigawia kiwanda kingine, na njia yake haikuandikwa mahali pamoja.

Jinsi kompyuta inavyofuata nguo

Shati moja la pamba lina safari ndefu. Linaanza kwa mkulima, linapita kiwanda cha kuchambua pamba, kisha kwa wanaosokota nyuzi, wanaofuma, wanaotia rangi, hata kwa washonaji. Programu kama TrusTrace ya Sweden humtaka kila mmoja aandike alichopokea, kutoka kwa nani, kilo ngapi, na alichotoa. Hati za mauzo nazo huwekwa humo.

Kisha hesabu zinalinganishwa. Pamba ikitolewa mbegu, nyuzi zinazobaki ni kama theluthi ya uzito wake, au zaidi kidogo. Basi kiwanda kilichonunua tani 90 za pamba kwa wakulima fulani hakiwezi kuuza tani 60 za nyuzi kwa jina la wakulima hao. Programu huonyesha kasoro hiyo. Mwishoni nguo hupewa alama ya miraba midogo, na mnunuzi akiipiga picha kwa simu anaweza kusoma safari yake.

Jirani zetu Watanzania wanao mfano. Huko Meatu, mkoa wa Simiyu, shirika la bioRe limefanya kazi na wakulima tangu 1994, pamoja na kampuni ya Remei ya Uswisi. Wanalima pamba bila dawa za kemikali, wanalipwa zaidi ya bei ya soko, na nguo inaweza kufuatwa kutoka dukani hata kwa wakulima. Hapo jina la mkulima halikupotea njiani, na limemletea faida.

Umoja wa Ulaya nao ulitoa sheria mwaka 2024 inayoandaa pasipoti ya kidijitali kwa bidhaa, na nguo ni kati ya zile zilizowekwa mbele. Lililokuwa hiari linaelekea kuwa sharti.

Sisi wa Kivu tunalijua jambo hili

Habari za lebo hazikuanza kwetu na nguo. Mwezi wa saba 2010 Marekani ilitoa sheria iliyozitaka kampuni zichunguze kama bati, tantali, wolframu na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Mwezi wa tisa mwaka ule, serikali yetu ilisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hata mwezi wa tatu 2011. Mchimbaji mdogo alikosa kazi, na mama aliyemwuzia chakula akakosa mteja.

Tangu 2012, mifuko ya madini ya Nyabibwe, huko Kalehe, ilianza kufungwa lebo zenye namba kwa mpango wa iTSCi: lebo moja shimoni, nyingine kwa mfanyabiashara. Ulikuwa mwanzo mwema, kwa kuwa madini yalipata tena njia halali ya kuuzwa. Lakini mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti likisema kwamba madini ya mashimo yasiyokubaliwa yalifungwa lebo hizo pia.

Hapo ndipo penye fundisho. Kompyuta inaweza kulinganisha namba, lakini haimwoni aliyekaa kwenye mizani siku ile. Mkono wa kwanza ukiandika uongo, kompyuta itausafirisha uongo huo hata Ulaya. Kitabu cha Mithali kimekwisha kusema habari ya mizani ya hila, na neno lile halikuhusu duka la kijijini tu.

Tufanye nini?

Kwa vikundi vya kushona vya makanisa yetu, tunashauri kuanza na daftari. Andikeni kitambaa kimenunuliwa kwa nani, metre ngapi, nani ameshona, amelipwa kiasi gani. Mnunuzi wa mbali akija, mtakuwa na jibu. Hata asipokuja, fundi hatadhulumiwa malipo yake.

Kwa vijana wanaopewa kazi ya kuandika mizigo, iwe ya pamba, kahawa au madini: msikubali kuuza lebo. Anayeinunua anatafuta kuficha jambo.

Na kwa wale wanaotuma masharti kutoka mbali, tunaomba wasisahau mwaka 2010. Mkulima asiye na simu wala mtandao asihesabiwe kuwa mwongo kwa sababu hiyo tu. Wamtumie mtu wa kumwandikia, na gharama ya kuandika isitolewe katika bei ya mavuno yake.

Bwana awabariki, na kazi ya mikono yenu.