Senema za Kale kwa Macho ya Leo

Zamani senema ilikaa mjini katika jumba lake, nasi tukiifuata kwa tiketi. Leo imeingia majumbani mwetu, hata imo ndani ya simu ya mtoto. Na zile picha za Hollywood zilizowafurahisha babu zetu zingali zikitazamwa. Basi yatupasa, wazazi na vijana, tuzitazame upya kwa kuzipima, wala si kwa kujifurahisha tu.

Tuanze na The Sheik, iliyotoka mwaka 1921, siku ambazo senema hazikuwa na sauti. Asili yake ni hadithi ya mwanamke wa Kiingereza, E. M. Hull. Shekhe wa jangwani, Ahmed Ben Hassan, anamteka bibi wa Kiingereza na kumweka hemani mwake kwa nguvu. Aliyeigiza shekhe huyo ni Rudolph Valentino, mzaliwa wa Italia, na picha hiyo ilimpatia sifa kubwa mno.

Jambo la kwanza la kustaajabisha ni kwamba dhulma ya kumteka mwanamke imepambwa ikaitwa mapenzi. La pili liko mwishoni. Bibi yule akiisha kumpenda, aambiwa kwamba bwana huyu kumbe si Mwarabu: baba yake Mwingereza, mama yake Mhispania, naye alilelewa tu na shekhe mzee. Tazama hila hiyo! Ukali wote ulihesabiwa kuwa ni wa Kiarabu, na ilipofika zamu ya kuwa mchumba wa kufaa, ikabidi atafutiwe nasaba ya Ulaya. Kijana wa Kiislamu aliyekaa kutazama ajifunze nini juu ya nafsi yake?

Picha ya pili ni Gone with the Wind, ya mwaka 1939, inayosimulia habari za jimbo la Georgia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Humo watumwa waonyeshwa wameridhika, wakiwapenda mabwana zao. Hattie McDaniel, aliyeigiza yaya, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, mwaka 1940. Lakini picha ilipozinduliwa mjini Atlanta, Desemba 1939, hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Na usiku wa tuzo yenyewe aliketishwa meza ya kando, mbali na waigizaji wenziwe. Mwaka 2020 HBO Max waliiondoa picha hiyo kwa muda, kisha wakairudisha ikiwa na maelezo ya mtaalamu.

Hapa tusifanye haraka kuwacheka Wamarekani, maana nyani haoni kundule. Pwani yetu nayo ilikuwa na soko la watumwa, na lile la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873. Mara ngapi tumesikia barazani ati watumwa wa fulani waliishi kama wana wa nyumbani? Hayo ndiyo yale yale ya Gone with the Wind, ila yasemwa kwa Kiswahili. Na wanaoyasema ni wajukuu wa mwenye shamba. Wajukuu wa aliyeuzwa wamekaa papo hapo barazani, kimya.

Wako wasemao dawa ni kupiga marufuku senema zote. Hapana shaka ziko picha zisizofaa kuingia nyumbani. Lakini katazo peke yake halimfundishi mtoto kupambanua. Akikosa kwenu, atatazama kwa jirani. Afadhali mzazi akae naye, na picha ikiisha amwulize maswali matatu: Ni nani aliyesimulia kisa hiki? Ni nani aliyenyamazishwa? Na kama kisa kingesimuliwa na huyo aliyenyamazishwa, kingekuwaje?

Mtoto aliyezoea maswali hayo hatadanganyika upesi na senema. Na siku moja atayauliza barazani kwetu. Akiyauliza, tusimkemee. Tumjibu.