Waliokwenda Vitani Wasirudi

Katika nyumba nyingi za Temeke, Kinondoni, Magomeni na Mbagala, likitajwa jina la babu au mjomba fulani, hadithi yake hukatika ghafla: "Alichukuliwa Keya." Basi. Hapana kaburi la kuzuru, hapana tarehe, wala hapana aliyeleta habari zake. Inapofika khitima, msomaji akitaka majina ya marehemu wa ukoo, wazee hutazamana. Je, na huyu atiwe? Nani aliyemwona akifa?

Sisi tunaona kwamba jambo hili lisiachiwe masimulizi ya barazani tu, kwani ni jambo la sharia kabla halijawa la historia. Mtu wa namna hii wanavyuoni humwita mafqudi, aliyepotea isijulikane yu hai au amekufa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kauli yake mpya ni kwamba mke wa mafqudi haolewi mpaka iwe yakini kuwa mume amekufa au amemwacha. Na kauli yake ya kale ni kwamba atangoja miaka 4, kisha akae eda ya miezi 4 na siku 10, kwa kufuata hukumu ya Sayyidna Umar. Ama mali yake haigawanywi mpaka upatikane ushahidi wa kufa kwake, au hakimu ahukumu hivyo baada ya kupita muda ambao mtu kama yeye haishi zaidi yake.

Vijana wengi hudhani kwamba maadamu imepita miaka 80, kujua tarehe hakuna faida tena. Natutoe mfano. Mtu aliondoka Temeke mwaka 1943 kwenda vitani, akaacha mtoto mmoja. Mama yake akafariki mwaka 1950, akaacha shamba la minazi na watoto wengine wanaume. Ikithibiti kwamba yule askari alikufa mwaka 1944, hakumrithi mama yake, maana alimtangulia. Na mtoto wake hapati fungu la mirathi katika shamba la bibi yake, kwa kuwa ami zake wapo. Lakini ikithibiti kwamba alikuwa hai mwaka 1950, basi alirithi, na fungu lake humshukia mtoto wake. Habari zisipojulikana, fungu lile huwekwa likingoja. Tarehe moja katika daftari la jeshi yaweza kumpa mtu haki au kumwondolea, na ugomvi wa viwanja uliotia chuki baina ya watoto wa ndugu waweza kuwa umeanzia hapo.

Sasa walikwenda wapi? Wa kwanza ni wa vita vya 1914 mpaka 1918, vilivyopiganwa katika nchi yetu hii. Wengine walikuwa askari wa Wajerumani, wengine wa Waingereza, na wengi kuliko wote hawakushika bunduki kabisa, walikuwa wapagazi. Hao waliokufa upande wa Waingereza wakadiriwa kuzidi 90,000, na maradhi na njaa viliwaua zaidi kuliko risasi. Jina la Kariakoo, tunapokwenda kununua nguo za Idi, ndilo jina la jeshi lao la wapagazi, lililopiga kambi pale baada ya Waingereza kuutwaa mji mwezi wa Septemba 1916. Soko lina jina lao. Wao wenyewe wengi hawana jina popote.

Kule Kinondoni, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, yapo makaburi ya vita yanayotunzwa na Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Yalifanywa mwaka 1968, wakati makaburi 660 ya Ocean Road yalipohamishwa kupisha barabara mpya. Walipoyafukua, ikaonekana kwamba sehemu walizozikwa Waafrika Wakristo, na wale wasiokuwa Wakristo, hazikuwa na alama ya kila mtu. Basi wakazikwa upya kwa pamoja, na juu ya kila kaburi la jumla ukajengwa ukuta wa ukumbusho. Miongoni mwao wamo ndugu zetu Waislamu. Ila nani ni nani, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Na ile sanamu ya Askari katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na ya herufi za Kiarabu, lakini haina jina hata la askari mmoja. Tumepita mbele yake mara nyingi, na hilo halikuacha kutuuma.

Halmashauri hiyo yenyewe ilikiri jambo hili mwaka 2021. Ripoti yake ya Aprili 2021 ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Vita vya pili vina daftari nzuri zaidi. Karibu watu 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, na wengi walipelekwa Burma. Wasiokuwa na kaburi huko, majina yao yamechongwa katika Ukumbusho wa Rangoon. Wengine hawakufika: meli iitwayo Khedive Ismail ilitoka Mombasa Februari 1944 imechukua kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na tarehe 12 ya mwezi huo manowari ya Wajapani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldives. Wakafa watu wapatao 1,300 kwa dakika chache. Majina ya askari wetu hao yako katika ukumbusho wa Afrika Mashariki, Nairobi. Na aliyekufa maji ni shahidi, kama ilivyokuja katika hadithi za Mtume wetu (s.a.w.).

Mmoja wa mji huu hakufia vitani, bali kifo chake kilitokana na safari iliyoanzia vitani. Ni Mahjub bin Adam, ambaye Ujerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani, na akaingia vitani angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ya baba yake na yake mwenyewe ambayo haikulipwa. Akakataliwa. Akabaki huko, akafundisha Kiswahili na kuonekana katika filamu, mpaka Wanazi walipomkamata mwaka 1941. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Habari zake zimejulikana kwa sababu barua zake za madai zilihifadhiwa.

Karatasi ndiyo iliyookoa pia habari za Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya mwaka 1933. Alikuwa askari wa Wajerumani, akaandika maisha yake mwenyewe kabla ya kufa mwaka 1949, na mjukuu wake akayatoa habari hizo kitabuni mwaka 1973. Wanawe Abdulwahid na Ally nao walikwenda Burma, wakarudi. Ni wazee wangapi wetu waliokuwa na mengi ya kuandika wasiyaandike?

Mwenye kutaka kutafuta na aanze sandukuni. Nishani ya Waingereza ya vita vya kwanza huwa imechongwa ukingoni namba ya askari, jina na kikosi. Isisuguliwe wala isiuzwe. Kisha awaulize kina bibi, aandike jina la baba, kabila na kijiji alichotoka. Daftari la Halmashauri lasomwa bure katika intaneti, na kijana mwenye simu aweza kulisoma akiwa Mbagala, ila ajue kwamba makarani Waingereza waliandika walivyosikia: Hamisi atafutwe kwa Khamis na Amisi, na neno "bin" pengine halimo. Zipo pia nyaraka za Taifa, Upanga. Waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba, na jamaa zao huanzia jeshini.

Ikipatikana karatasi yenye tarehe, ipelekwe mahakamani na kwa shekhe kabla ya kugawanya chochote. Watu hutuuliza kama wajukuu waweza kumsalia sala ya ghaibu. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba humsalia maiti aliye mbali yule tu ambaye, siku alipokufa, alikuwa tayari amelazimikiwa na sala hiyo. Wajukuu waliozaliwa baadaye wana dua, sadaka na khitima. Lakini ikiwa babu alizama mwaka 1944, na dada yake aliyekuwa amebaleghe wakati ule angali hai, basi yeye aweza kumsalia.