Mume na mke majini: Kabla ya Mediterania, jaribuni Mto Tana

Hebu jiulize. Ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzako mlipokaa pamoja kwa muda wa saa tatu, mkizungumza, bila simu kulia, bila mtoto kuita na bila jirani kubisha hodi? Kama jibu halikujii upesi, hauko peke yako. Katika miji yetu mume huondoka alfajiri ili aukwepe msongamano wa magari, mke hurejea usiku akiwa hoi, na mazungumzo yanayosalia ni ya karo, kodi ya nyumba na stima. Wawili hao wanaishi chini ya paa moja ilhali wanaamkiana kama wapangaji.

Ndiyo maana wanandoa wengi wakiona picha za meli za kifahari za Bahari ya Mediterania hutamani mno. Meli hung'oa nanga Barcelona, ikatia Civitavecchia, bandari iliyo karibu na Rome, kisha ikaelekea visiwa vya Ugiriki. Kutamani si dhambi, lakini fanyeni hesabu. Tangu Juni 2024, ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 kwa kila mtu mzima, na ukinyimwa viza hurudishiwi pesa zako. Hapo hamjalipa nauli ya ndege wala chumba cha melini.

Tena mkishapanda mtajikuta katika mji unaoelea. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake katika Bahari ya Karibi mwaka 2024, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Humo mna kumbi za burudani, mabwawa ya kuogelea na mikahawa chungu nzima. Wawili walioshindwa kuzungumza nyumbani watapata humo njia mia za kukwepana.

Leo basi tunawapendekezea safari nyingine ya majini, iliyo humu humu nchini, ambayo chombo chake ni kidogo kiasi kwamba hakuna pa kumkwepea mwenzako.

MTO USIOTULIA

Tana ndio mto mrefu zaidi nchini Kenya, kiasi cha kilomita 1,000. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakazunguka nchi kavu ya Garissa na Hola, hata yakifika Garsen yakatawanyika kwenye mbuga, vinamasi na misitu kabla ya kuingia Bahari Hindi huko Kipini. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo Delta ya Tana. Mwaka 2012 iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima.

Mto huu huhama. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili kuunganisha Tana na mto Ozi. Baadaye Tana wenyewe ukaifuata njia hiyo, na ndiyo sababu leo unamwaga maji yake Kipini. Hata sasa mafuriko makubwa huweza kuufungulia mkondo mpya na kuukausha wa zamani. Kwa hivyo msiende na ramani ya mwaka juzi mkabishana na mwenyeji. Mwulizeni yeye wapi pa kupandia boti, kwa kuwa anaujua mto wa mwaka huu.

KUFIKA HUKO

Anayetoka Nairobi anaweza kupanda treni ya SGR hadi Mombasa, kisha akachukua basi hadi Malindi. Kutoka Malindi hadi Garsen ni kilomita 110 hivi, na mabasi ya Lamu hupitia njia hiyo. Garsen ni mji wa njiapanda: barabara moja yaenda Hola na Garissa, nyingine Witu na Lamu. Wazee wanakumbuka kwamba kabla ya daraja kujengwa, magari yalivushwa hapo kwa kivuko kilichovutwa kwa mikono. Msitarajie hoteli za kitalii. Mtapata vyumba vya kawaida, chandarua, chai, wali na samaki.

Wenye muda hushuka na mto kijiji baada ya kijiji. Wenye siku chache huenda moja kwa moja hadi Kipini, wakakodi boti na kupanda nayo mto Ozi asubuhi, maji yakijaa, wakipita katikati ya mikoko.

Je, mtaona nini? Viboko wakipumua, mamba wakiota jua, na ndege wa majini kwa maelfu: yangeyange, korongo na mwari. Miezi ya Novemba hadi Machi huongezeka ndege wahamaji wanaokimbia baridi ya Ulaya. Kingoni mtaona miembe na migomba ya Wapokomo, na ng'ombe wa Waorma wakiteremka kunywa maji.

Nawe mwanafunzi unayesoma gazeti la wazazi wako, fahamu kwamba muziki wa wimbo wetu wa taifa, uliotayarishwa mwaka 1963, ulitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Na yule Fumo Liyongo mnayemsoma shuleni, shujaa aliyeuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni, mapokeo ya wenyeji yanasema alizikwa pande hizo za Kipini.

Kuna kaburi jingine linalowahusu wanandoa. Huko Golbanti, penye misheni ya zamani ya Wamethodisti, walizikwa mhubiri John Houghton na mkewe, Waingereza waliouawa pamoja katika uvamizi wa mwaka 1886. Walikuwa wageni, na walikuja kwenye mto huu bila kujua yatakayowapata.

USIMTUKANE MAMBA

Wahenga walisema usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Mto Tana ni barabara ya wenyeji, na barabara hiyo huua. Mnamo Aprili 28, 2024, boti iliyopakia abiria ilipinduka Kona Punda, kati ya Madogo na mji wa Garissa, mahali ambapo mafuriko yalikuwa yameimeza barabara ya lami. Watu 23 waliokolewa. Wengine walikufa maji. Hao hawakuwa watalii. Walikuwa wasafiri waliokosa njia nyingine.

Basi shikeni haya. Epukeni miezi ya mafuriko, yaani Aprili hadi Juni, na tena Novemba hadi Desemba. Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Kila mmoja avae jaketi la kujiokolea, na mkiambiwa halipo, msipande. Boti ikijaa kupita kiasi, shukeni hata kama mmekwisha kulipa. Msiogelee mtoni, kwani mbali na mamba na viboko kuna hatari ya kichocho. Bebeni dawa za malaria na maji ya kunywa. Tena ulizeni hali ya usalama kabla ya kufunga safari. Barabara ya Lamu imeshuhudia mashambulizi tangu mwaka 2014, na kuna nyakati magari husindikizwa na polisi.

Kumbukeni pia mko kwa watu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, Wapokomo na Waorma wakipigania malisho, mashamba na maji. Makovu bado yapo. Msiulize mambo hayo kama wanaotafuta porojo, wala msipige picha ya mtu au mifugo yake bila idhini. Vaeni mavazi ya heshima, na mahaba yenu yawekeni kwa faragha. Mwenye boti mlipeni mlichopatana, kwa kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone.

MANAHODHA WAWILI

Sasa turudi kwenu wawili. Safari nyingi za wanandoa huharibika kabla ya chombo kuondoka, na chanzo ni pesa. Kaeni chini mapema mwandike: nauli kiasi gani, boti kiasi gani, chakula kiasi gani, na akiba ya dharura ishikwe na nani. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwa hivyo gawaneni kazi, mmoja asimamie njia na mwingine mkoba, na kila mmoja aheshimu zamu ya mwenzake. Watoto waachiwe bibi au shangazi mnayemwamini, nao waambiwe siku ya kurudi. Simu zizimwe, ibaki moja tu ya dharura.

Mkiwa botini msilazimishe mazungumzo. Saa ya kwanza huenda mkanyamaza, kila mmoja akitazama ukingo wake. Ya pili mmoja atamwonyesha mwenzake ndege. Ya tatu huenda likatoka lile neno ambalo halikupata nafasi kati ya karo na kodi. Anayesikia asikilize hadi mwisho. Katika boti huwezi kuinuka ukatoka nje, na kama ghadhabu itakusimamisha, nyote mtalowa!

Mediterania ipo, haihami kama mto Tana. Mkijaliwa siku moja mtaiona, nanyi mtakuwa mmekwisha kujifunza kukaa chombo kimoja.